Ufa wa Chesi Hauzibwi kwa Rangi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii kila mtoto wa pwani amekua nayo, na katika nyumba za mawe na chokaa haina mpinzani. Lakini ukienda nayo kwa fundi wa kuchomelea vyuma, huko Shimanzi au Changamwe, ukamwonyesha ufa katika chesi ya pikapu yako na kumwomba auzibe, fundi ajuaye kazi yake hatauziba. Kwanza ataufungua. Atatoboa tundu mwisho wake, ataupanua mpaka uwe kama bonde, na hapo ndipo atakaposhika kijiti cha kuchomelea. Ama yule atakayepitisha mstari mmoja wa moto juu ya ufa kisha akapaka rangi nyeusi, huyo hakukutengenezea gari. Amekufichia maradhi.

Jambo hili si dogo kwetu, kwani pikapu ndiyo punda wa pwani ya leo. Ndiyo iletayo nazi kutoka Kwale na maembe kutoka Malindi. Ndiyo ibebayo samaki alfajiri kutoka Shimoni, na mchanga na mawe kwa mjenzi, na siku ya harusi ndiyo ichukuayo masufuria ya pilau na wapishi wake. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, na tangu miaka ya 1970 magari yamekuwa yakiunganishwa humu humu nchini, Mombasa yenyewe ikiwa na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Gari likizeeka huku mwenyewe hana fedha za kununua jingine, huangukia mikononi mwa fundi wa kuchomelea. Basi ni vyema msomaji ajue fundi huyo anapaswa kufanya nini.

CHUMA NACHO HUCHOKA

Chesi ya pikapu nyingi ni kama ngazi iliyolazwa chini. Ina mihimili miwili mirefu, mmoja kila upande, na vyuma vilivyokingama baina yake kama vidato. Juu yake hukaa injini, chumba cha dereva na sanduku la mizigo. Chini yake hufungwa springi na magurudumu. Kila shimo la barabarani hupita kwenye springi likaishia katika ngazi hii.

Watu hudhani kwamba chuma huvunjika kwa kishindo kimoja kikubwa. Mara nyingi sivyo. Katikati ya karne ya 19, mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa zilizokuwa zikivunjika bila sababu ya kuonekana. Akabainisha kwamba mzigo ambao chuma huubeba bila taabu mara moja waweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi mno. Chuma huchoka. Hupata ufa mwembamba kuliko unywele, na kila mtikisiko huurefusha kidogo, hadi sehemu iliyobaki nzima inaposhindwa na kukatika kwa ghafla.

Ufa huo una mahali upendapo kuzaliwa. Huanzia pale chuma kigumu kinapokutana na kile kinachonyumbuka: nyuma ya chumba cha dereva, kwenye vishikizo vya springi, karibu na sanduku la usukani, penye matundu ya ribiti, na mwisho wa kiraka cha zamani. Mfano wake ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Mtu akikaa katikati, ubao huvutika upande wa chini, na ndivyo mhimili unavyovutika baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Akikaa kwenye ncha iliyotokeza nje ya jiwe, ubao huvutika upande wa juu. Kwa hiyo mwenye kurundika mawe mwisho kabisa wa sanduku la mizigo huivuta chesi kwa juu, pale penye ekseli ya nyuma, na siku moja itamjibu hapo hapo.

Kwetu sisi kuna adui wa pili, nayo ni chumvi. Pikapu ya samaki hutiririkwa na maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi safari nzima. Maji hayo huingia ndani ya mhimili, yakakaa pamoja na mchanga, na chuma kikaliwa kutoka ndani huku nje rangi ikimeta. Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Huko Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, kutu iliharibu chesi za pikapu nyingi, hata mwaka 2016 kampuni ya Toyota ikakubali mapatano mahakamani yaliyohusu takriban magari milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4.

KUUFUATA UFA HADI MWISHO

Fundi wa haki haanzi na moto. Huanza na maji, brashi ya waya na macho. Husugua mahali pote mpaka chuma kionekane kitupu, kisha hupaka mafuta ya taa, akayafuta vizuri na kupaka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hutoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki. Hapo ndipo mwenye gari huona kwamba ufa aliodhani ni wa vidole viwili kumbe ni wa kiganja kizima.

Kisha gari hupakuliwa na kuinuliwa. Chesi huwekewa egemeo imara mpaka ufa ufunge na mhimili unyooke, kwani ukichomelea chuma kilichopinda umekifunga katika upotovu wake. Fundi hupima kwa kamba kutoka pembe hii hadi pembe ile ya kukabili, halafu kwa zile pembe mbili nyingine. Vipimo viwili visipolingana, chesi imekwenda upande.

Yafuatayo ni mambo ya usalama, na mwenye haraka ndiyo ayarukayo. Nyaya za betri zifunguliwe zote mbili, na katika gari la kisasa kompyuta ya injini ichomolewe pia, kwani umeme wa kuchomelea huiua mara moja. Tangi la mafuta litolewe. Mabomba ya breki na ya mafuta yasogezwe mbali. Kibanio cha waya wa kurudishia umeme kifungwe karibu kabisa na pale pa kuchomelea, ili umeme usipitie kwenye beringi na kuziharibu. Na watoto wa mtaani waondoshwe, kwa sababu mwanga ule ukitazamwa kwa macho matupu, usiku wake macho huwasha kana kwamba yametiwa mchanga.

Sasa ndipo huja kekee. Fundi hutoboa tundu dogo, la kadiri ya milimita 5, mbele kidogo ya pale jicho linapoona ufa umekoma. Hekima yake ni hii: ncha ya ufa ni kali kama wembe, na nguvu zote za kuvuta hukusanyika hapo. Tundu la mviringo halina ncha, hivyo ufa hukosa pa kushika na husimama. Baada ya hapo ufa husagwa kwa urefu wake wote mpaka uwe bonde lenye kina, ili moto ufike chini kabisa. Chuma kipya hujazwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hugongwa na kusuguliwa magamba yake kabla ya jingine kufuata. Tundu nalo hujazwa. Panapofikika, kazi hufanywa pande zote mbili, kisha kovu husagwa likawa sawa na chuma cha kando yake.

Na kisha? Kisha ni subira. Chuma kiachwe kipoe chenyewe. Wako wanaomwagia maji ili mteja aondoke upesi, nao humpa chuma kilichogeuka kikavu kama kaure.

UNYEVU WA PWANI

Kuna siri moja ambayo fundi wa pwani hana budi kuijua kuliko fundi wa bara. Vijiti vinavyofaa chesi, ambavyo vimepigwa namba 7018, vimevikwa unga unaopenda unyevu kama chumvi ya mezani wakati wa masika. Kijiti kilichonyonya unyevu huingiza haidrojeni ndani ya chuma kinachoyeyuka, na haidrojeni hiyo huleta ufa mpya chini ya kovu, saa kadhaa au hata siku kadhaa baada ya gari kwenda zake. Kwa ajili hiyo vijiti hivi huwekwa katika jiko maalumu lenye joto la kiasi cha nyuzi 120, na vikitolewa hutumiwa katika saa chache. Ukiona paketi iko wazi sakafuni tangu juzi, na nje mvua inanyesha, una haki ya kuuliza.

KIRAKA CHA UMBO LA KASHATA

Pale palipochoka mara moja pataka msaada, na msaada huo ni bamba la chuma linalowekwa ubavuni mwa mhimili. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Hudhani kwamba bamba nene zaidi ndilo bora, hukata mraba, na kulichomelea pande zote nne. Miezi michache baadaye mhimili hukatika tena, safari hii ukingoni mwa bamba, kama uliokatwa kwa msumeno.

Sababu ni ile ile ya mwanzo. Chesi imeundwa inyumbuke. Ukiifanya sehemu moja kuwa ngumu mno, umehamisha maumivu hadi pale ugumu unapoishia. Basi bamba lisiwe nene kuliko chesi yenyewe, liwe la chuma cha namna moja nayo, lipite ufa kwa nafasi ya kutosha kila upande, na ncha zake zichongwe ziwe kama kashata iliyovutwa kwa urefu. Hivyo ugumu huingia polepole na kutoka polepole. Lichomelewe kwa zile kingo zake za mshazari na za urefu, na mstari wa moto usikate mhimili wima kutoka juu hadi chini. Midomo ya juu na ya chini ya mhimili, ambayo ndiyo hubeba nguvu nyingi kuliko ubavu, isitobolewe wala isiachiwe makovu kingoni.

Mafundi wa majahazi waliijua tofauti hii zamani. Kalafati huzuia maji, lakini shehena hubebwa na mataruma. Rangi na mstari wa juu juu ni kalafati. Kinachobeba mzigo ni chuma kilichoungana hadi ndani.

Wala kazi haijaisha mpaka sababu ya ufa iondolewe. Springi zilizolala zibadilishwe, shokabzoba zilizokufa zitolewe, na mzigo upunguzwe. Sehemu iliyochomelewa ipakwe rangi ya zinki nje na ndani kadiri inavyofikika, matundu ya kutolea maji yazibuliwe, na gari la samaki lioshwe kwa maji baridi ya bomba kila jioni, chini pia.

FUNDI ANAPOSEMA LA

Fundi mwema hujulikana pia kwa kazi anazozikataa. Akigonga mhimili kwa nyundo ndogo na nyundo ikazama, hapo hapana cha kuchomelea. Chuma kilicholiwa na kutu hadi kuwa kama karatasi hakishiki moto, hutoboka tu. Vile vile chesi za malori kadhaa makubwa zimepikwa kiwandani ili ziwe na nguvu maalumu, na watengenezaji wakakataza zisichomelewe wala kutobolewa, kwani joto huziondolea nguvu hiyo. Dawa ya gari kama hilo ni kubadilisha mhimili au chesi nzima. Na hapo sheria nayo ina neno, kwa maana namba ya chesi ndiyo nasaba ya gari. Haifutwi wala haihamishwi kienyeji.

Ni kweli kwamba mwenye pikapu akiambiwa hivi huona dunia imemwinamia. Gari likilala gereji siku tatu, nyumbani kuna chungu kisichotelekwa. Ndiyo maana kiraka cha nusu saa kina soko. Lakini pikapu haibebi nazi peke yake. Hubeba wapagazi waliokaa juu ya magunia, na barabarani hukutana na matatu iliyojaa abiria. Mhimili ukikatika kwenye mteremko wa Mazeras, magurudumu ya nyuma huenda njia yake, na usukani hauna tena wa kumtawala.

Liko pia suala la kuuza. Kisa ni mashuhuri cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoipata. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ili watu waione, kisha akamtenga mdanganyifu na umma wake. Chesi iliyochomelewa kwa haki si aibu, na yaweza kutumika miaka mingi. Mnunuzi apelekwe chini ya gari, aonyeshwe kovu, aambiwe lilifanywa vipi na kwa sababu gani. Bei ikishuka kidogo, imeshuka kwa halali.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaipokea pikapu yako kutoka gereji, mwombe fundi akuonyeshe kazi kabla haijapakwa rangi. Fundi wa kweli hatachukia. Atakuita mwenyewe, akushikishe tochi, akuonyeshe tundu lilipokuwa na ufa ulipokoma. Anayekimbilia brashi ya rangi kwanza, mwachie rangi yake.