Mchele wa watu watatu wakwama Rusumo

Sisi tuliosomea uhamishoni Karagwe tulirudi nyumbani mwaka 1995 na Kiswahili chetu. Ndicho kilichomfanya shemeji yangu anipigie simu alfajiri moja: "Mwalimu, njoo mpakani, mchele wangu umezuiwa."

Alikuwa amenunua gunia 60 Kahama. Muuzaji alilipwa nusu, nyingine angelipwa mzigo ukifika. Mwenye lori aliahidiwa nauli baada ya kushusha. Ahadi zote zilikuwa za mdomo, tena za wawili wawili.

Rusumo, forodha waliomba cheti cha uasili wa bidhaa. Hakikuwapo. Bila cheti hicho, mchele wa Tanzania hutozwa ushuru kama uliotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kile cheti chepesi cha wafanyabiashara wadogo ni cha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Wake ulizidi.

Muuzaji akasema: "Nilipakia, kazi yangu imekwisha. Cheti hatukukitaja." Mwenye lori akadai malipo ya kila siku ya kusubiri, na hashushi gunia kabla ya nauli. Shemeji naye: "Simlipi mtu mpaka nione mchele." Wakangojana siku nne. Cheti kilipofika kwa basi, faida ilikuwa imeliwa na lori. Humo mlikuwa na karo ya mwanawe, na faranga laki mbili nilizomkopesha.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaeleza kwamba ahadi moja ikitegemea nyingine itangulie, aliyeshindwa kutangulia hawezi kudai malipo yake, naye hufidia hasara. Lakini sharti ithibitike nani alipaswa kutangulia. Sisi hatukuwa na karatasi ya kuonyesha.

Safari iliyofuata tuliandika mkataba mmoja, nakala tatu, sahihi tatu. Muuzaji anamkabidhi dereva cheti kabla lori halijaondoka. Asipofanya hivyo, siku za kusubiri anazilipa yeye. Lori likivuka, nusu ya nauli inatoka. Mchele ukishushwa na kupimwa, mwenye lori anamaliziwa na muuzaji anatumiwa salio siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, kabla ya kutuma hela ulizeni: nani anatangulia, nini kitaonyesha ametimiza, na nani analipa lori likisimama? Majibu yaandikeni, wote watatu wasaini.