Uswisi: Kwa nini jalidi huwahi kufika mabondeni

Majira ya mapukutiko yanapoanza mwezi Septemba, mkulima wa milima ya Jura, magharibi mwa Uswisi, hawezi kuutegemea utabiri wa mji jirani pekee. Mji huo waweza kuamkia ubaridi wa kawaida, ilhali bustani za bondeni zimeungua kwa jalidi.

Chanzo ni uzito wa hewa. Katika usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto upesi, na hewa inayoigusa hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto; huteremka kama maji na kutuama chini. Bonde la La Brévine, lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, limezingirwa na vilima, hivyo baridi haina pa kutokea. Humo ndimo zilimopimwa nyuzi 41.8 chini ya sifuri, tarehe 12 Januari 1987.

Jioni, watabiri huangalia mawingu, upepo na unyevu wa hewa. Hewa kavu huongeza hatari. Lakini utando wa mawingu ukifika usiku wa manane, huweza kuizuia jalidi iliyokwisha kutabiriwa. Tena, kipimajoto huwekwa mita 2 hivi kutoka ardhini: kikionyesha nyuzi 3 juu ya sifuri, majani yaliyo chini huenda yameshaganda.

Ndiyo maana mwenye mboga bondeni huzifunika kabla ya giza, hata kama utabiri haukutaja sifuri.