Njia ya zege Pugu: Mkabidhi fundi kazi, usimkabidhi fedha zote

MASIKA ikishika kasi, wakazi wa miteremko ya Pugu huanza kuhesabu hasara. Udongo unateleza, korongo jembamba la mwaka jana limekuwa mfereji, na kenta iliyobeba chakula cha kuku inasimama barabarani kwa sababu dereva hataki kushuka hadi getini. Mifuko inabebwa kichwani. Trei za mayai nazo zinatolewa kwa toroli, na kila toroli linapoyumba kuna mayai yanayovunjika.

Hapo ndipo mwenye nyumba anapoamua kumwaga zege kutoka barabarani hadi uani. Uamuzi ni mzuri. Tatizo ni jinsi fundi anavyopatikana na jinsi anavyolipwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu yule yule anayeweza kubishana nusu saa nzima mnadani Pugu kuhusu bei ya beberu mmoja, humpa fundi aliyemfahamu jana fedha za saruji, mchanga, kokoto na ufundi kwa mkupuo, bila karatasi yoyote. Wiki moja baadaye simu ya fundi haipatikani, na uani kuna rundo la mchanga ambalo mvua inalipeleka kwa jirani.

Kisheria, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimtupi mtu kwa sababu tu hakuandika. Lakini atathibitishaje mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kwamba walipatana unene wa sentimita 15 na si 10? Karatasi moja ya daftari inatosha: urefu, upana na unene wa zege, nani ananunua vifaa, kazi itachukua siku ngapi, na fedha zitatolewa lini. Wahusika wote wasaini, na shahidi mmoja wa kila upande. Wengine huipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili aione, jambo ambalo fundi mkweli hawezi kulikataa.

Kuna pia tofauti kati ya fundi na mkandarasi. Mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na yuko katika daraja mojawapo kati ya saba. Anayejitambulisha kuwa ni mkandarasi aulizwe namba yake ya usajili, kisha namba hiyo iulizwe kwenye Bodi. Kwa njia ya nyumbani, wengi wataishia kwa fundi wa mtaani, na si kosa. Asiyekuwa na cheti apimwe kwa kazi yake. Aombwe kuonyesha zege alilomwaga ambalo limeshapita masika mbili. Lililomwagwa mwezi uliopita halisemi lolote, kwani hata zege bovu hung'aa likiwa jipya.

Hesabu ya vifaa ndiyo silaha kubwa ya mwenye nyumba, na si ngumu. Tuseme njia ina urefu wa mita 15 na upana wa mita 3. Kwa gari dogo, unene wa sentimita 10 unatosha, ambao ni mita za ujazo 4.5. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, kazi hiyo inahitaji mifuko 28 hadi 30 ya kilo 50. Ikiwa kenta au Fuso itaingia na mzigo, unene uwe sentimita 15, na mifuko itapanda hadi kati ya 42 na 45. Fundi akitaja mifuko 60, aeleze. Akitaja 18, aeleze vilevile, tena kwa makini zaidi, maana anayepunguza saruji hupendwa siku ya kupatana bei.

Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa karibu lita 35. Kwa ndoo ya lita 20, kila mfuko uende na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji yasizidi sana lita 25. Hapa ndipo vibarua wengi wanapokosea, kwa sababu zege jepesi ni rahisi kusukuma na koleo. Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu, na miezi michache baadaye uso wake huanza kutoa vumbi.

Ni vema mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe. Kwenye mfuko aangalie alama ya TBS na namba ya nguvu, 32.5 au 42.5. Mchanga wa ufukweni usikubaliwe, kwani chumvi yake hula wavu wa chuma. Jioni ihesabiwe mifuko mitupu. Kama mitatu imepungua na hakuna mizima iliyobaki stoo, basi mitatu hiyo imetoka getini.

Chini ya zege ndiko kwenye siri. Miteremko ya Pugu ina sehemu zenye udongo wa mfinyanzi, na udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Utolewe, uwekwe kifusi kizuri na kushindiliwa kwa tabaka. Bomba la maji likipita hapo, lilindwe kabla, si baada. Zege lielekezwe mahali maji yatakapotokea, mteremko wa pembeni ukiwa sentimita 2 kwa kila mita, na likatwe mistari kila baada ya mita 3 hivi ili nyufa zifuate mistari hiyo badala ya kuchagua zenyewe.

Mahali njia inapokutana na mtaro wa barabara pasizibwe. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Ruhusa iombwe na kalavati liwekwe. Aliyejaza mtaro kwa zege huona matokeo yake mvua ya kwanza, na mara nyingi jirani wa chini huyaona kabla yake.

Malipo ya ufundi yafuate kazi. Sehemu moja itolewe baada ya udongo kushindiliwa na mbao za pembeni kusimamishwa, nyingine zege likishamwagwa. Sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, ibaki mpaka siku saba za kumwagilia zipite. Katika siku hizo zege lisikauke hata saa moja. Gunia lililolowa au nailoni husaidia sana. Fundi anayejua kwamba fedha yake bado iko ndani ya nyumba hiyo hurudi kumwagilia bila kupigiwa simu.

Gari dogo linaweza kupita baada ya siku saba. Kenta ya pumba isubiri siku 28, hata kama kuku wanalia njaa. Mifuko hiyo ibebwe kichwani kwa mara ya mwisho.