Bundi wa Kijivu Anakuona

Kila majira ya baridi bundi mkubwa wa kijivu anapoonekana kandokando ya barabara za Minnesota au Manitoba, ndugu zetu wanaoishi huko huniletea swali lile lile: "Bundi si haoni mchana? Sasa nikimsogelea taratibu nimpige picha, kuna ubaya gani?" Nimelijibu mpaka nimechoka. Anaona. Amekuona tangu ulipofungua mlango wa gari.

Hakuna bundi aliye kipofu mchana. Mboni zake hupanuka gizani na kubana penye mwanga, kama zako. Anayeonekana amefumba macho juu ya mti saa sita amelala, akiyafumbua, anaona. Na kwa huyu wa kijivu imani hiyo haina hata pa kushika. Makao yake ni misitu ya misonobari ya Kanada, Alaska, Finland, Sweden na Urusi. Kaskazini ya mbali kule, mwezi Juni usiku hauingii giza la kutosha kuitwa usiku, na ndio wakati ana makinda ya kulisha. Angekuwa haoni kwenye mwanga, yangekufa njaa yote kiotani.

"Mbona haruki, basi?" Kwa sababu yuko kazini. Mtazame usoni: duara pana la manyoya, mistari ya kijivu ikizunguka macho madogo ya njano, na chini ya kidevu alama mbili nyeupe. Uso ule hukusanya sauti na kuzipeleka masikioni. Anamsikiliza panya mdogo anayetembea chini ya theluji yenye kina cha nusu mita. Theluji hupinda sauti, hivyo panya husikika mahali asipo. Utafiti uliofanyika Manitoba na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha dawa yake: bundi huelea angani juu kabisa ya windo, mahali ambapo sauti haipotoshwi sana, kisha hujitupa chini. Hubaki shimo, na pembeni yake alama za mabawa. Sasa wewe unakuja na viatu vyako ukiiponda theluji; unategemea asikie nini?

Wala msiniambie kwamba jitu kubwa namna ile lina akiba mwilini. Urefu wake hukaribia sm 80 na mabawa yaliyokunjuliwa hufika m 1.5, lakini uzito ni kilo moja na kitu tu. Kinachobaki ni manyoya. Kukosa windo kwenye baridi ile kunamuumiza kweli.

Basi: baki garini, zima injini, tumia lenzi ndefu. Akiacha kutazama chini akakukazia macho, ondoka. Usimrushie panya wa dukani. Atazoea kufuata watu na magari, na magari ndiyo yanayomuua. Baridi ya 2004 kuingia 2005, panya walipoadimika kaskazini, zaidi ya bundi hawa 5,000 walihesabiwa Minnesota, na mamia walikufa, wengi kwa kugongwa. Kwa hiyo punguza mwendo kando ya misitu alfajiri na jioni, na usitupe mabaki ya chakula barabarani, maana huvuta panya. Ukimkuta ameumia, usimpe maji wala nyama, jihadhari na kucha zake, na upige simu mara moja kwenye kituo chenye leseni ya kutibu wanyamapori.