Ukifungua redio ya zamani, kikombe cha mafuta ya taa kiko wapi?

Mafia. Redio ya babu yangu mzaa mama hapa Kiegeani ni sanduku la chuma, zito, la kubebwa kwa mikono miwili. Aliipata miaka mingi iliyopita alipokuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam. Si redio ya taarifa ya habari na mpira tu. Ni ya aina waliyotumia watu wa redio za ridhaa, yaani wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao, nchi kwa nchi, kwa masafa mafupi, bila malipo. Wa Tanzania leseni yao hutolewa na TCRA, na alama zao za wito huanza na 5H.

Babu hakuwahi kuwa na leseni. Yeye alikuwa msikilizaji. Redio ilinyamaza, ikawekwa juu ya kabati, na upepo wa bahari ukaifanyia kazi yake. Sikukuu ya Idi iliyopita nilipokwenda kuwasalimu, nilimkuta barazani ameishusha.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mke wangu. Kaa hapa unishikie taa ya simu, macho yangu hayaoni vizuri.”

Mfuniko wa nyuma ulikuwa na skrubu sita. Nne zilitoka. Mbili zilikataa kabisa, na bisibisi ikaanza kula vichwa vyake. Babu akamimina mafuta ya taa kwenye kikombe cha kahawa, akachovya unyoya wa kuku, akadondosha tone moja moja kwenye kila skrubu. “Sasa tuyaache yaingie,” akasema, akaenda kuswali Adhuhuri. Mimi nikaingia jikoni.

Kikombe kilibaki chini ya benchi.

Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu. Kila siku anawaona wazee wakinywa kahawa kwenye vikombe vile vile. Niliposikia anakohoa, kikombe kilikuwa kimelala mkekani na kanzu yake mpya ya Idi inanuka mafuta ya taa.

Usimtapishe

Majirani walifika haraka, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alileta maziwa. Mwingine dafu. Wa tatu alikuwa ameshamshika mtoto ili amtie kidole kooni. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa, na bado mikono ilinitetemeka nilipomwambia, “Shangazi, tafadhali, usimtapishe.”

Sababu ni hii. Mafuta ya taa hayaui sana kwa kupitia tumbo. Hatari yake kubwa ni mapafu. Ni mepesi mno, mepesi kuliko maji, na tone dogo tu likipotea njia na kuingia kwenye koo la hewa huenea haraka ndani ya mapafu na kuyachoma. Mtoto aliyekohoa wakati wa kunywa huenda tayari ameshavuta kidogo. Ukimtapisha, yale yaliyokwisha kutua tumboni yanapita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa, dafu au mafuta ya kula hayaondoi sumu ile. Yanajaza tumbo na kumfanya mtoto atapike mwenyewe.

Tulichofanya kilikuwa kichache: tukamvua kanzu iliyolowa, tukamwosha ngozi kwa sabuni na maji, tukampakata akiwa ameketi wima, tukapanda bodaboda hadi hospitali ya wilaya pale Kilindoni. Chupa ya mafuta tuliichukua ili daktari ajue hasa ni kitu gani. Kwa chupa isiyo na maandishi, harufu inaweza kumsaidia.

Hospitalini walimsikiliza kifua na kumhesabia pumzi, kisha wakatuweka kwa saa kadhaa. Msishangae mkiambiwa msubiri ilhali mtoto anacheza. Dalili za mapafu zinaweza kuchelewa, na kwa kawaida mtoto wa namna hii huangaliwa kwa saa sita au zaidi. Kikohozi kisichokoma, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani, homa au kusinzia kusiko kwa kawaida ni dalili za kumrudisha hospitali hata kama ni usiku. Wetu alirudi nyumbani jioni, akidai kanzu yake.

Skrubu nayo ina haki yake

Babu hakula siku ile. Kesho yake alitaka kuitupa redio, nikamkatalia. Ubaya haukuwa kwenye redio, wala kwenye kutumia mafuta. Mafuta yanayolegeza kutu yanahitaji muda, saa kadhaa au usiku mzima, na muda huo huo ndio chombo kinapokaa wazi, mtu mzima amekwenda zake. Tone moja kwa skrubu linatosha. Lidondoshe, funga chupa, iweke juu palipofungwa, kisha ndipo uondoke. Wala usiweke mafuta kwenye chupa ya soda, ya maji, au kikombe cha kunywea.

Petroli iache kabisa. Mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo, na inaweza kuharibu plastiki na rangi za redio. Mafuta ya breki ni sumu nayo, na hula rangi.

Kwa pwani yetu skrubu nyingi hazijakwama kwa kutu nyekundu peke yake. Skrubu ya chuma ikikaa kwenye bati la alumini mahali penye hewa ya chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaobana kama saruji. Hapo joto husaidia. Fundi hugusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili, chuma kinatanuka, kinapoa, na ule unga unaachia. Ila asianze na joto palipokwisha kupakwa mafuta: yafutwe na yakauke kwanza. Kisha bisibisi inayojaa barabara kwenye mfuo, ikaze kidogo kwanza ndipo ulegeze. Ukiona kichwa kinaanza kulika, simama.

Kitufe cha kutafutia stesheni kisichozunguka ni habari nyingine. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyokauka kama gundi, na hiyo hulainishwa kwa joto dogo au spiriti. Nguvu itavunja kitufe tu.

Vaa miwani, kwa sababu chembe za kutu hurukia machoni. Bisibisi ikikuteleza ikakuchoma, kumbuka pepopunda. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na uchafu, na huingia na kidonda kirefu. Watoto hukingwa na chanjo wanayopewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo tazameni kadi zao. Babu hakumbuki alichanjwa lini.

Kabla ya yote, redio ya umeme ichomolewe na iachiwe fundi anayeijua, hasa hizi za kizamani zenye taa za kioo ndani. Zinaweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Betri zilizovuja zishikwe kwa glavu. Na zile betri ndogo bapa kama kifungo, za saa na rimoti, mtoto akimeza ni mbio hospitali: zinaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa mbili.

Nilipoondoka Kiegeani skrubu moja ilikuwa imetoka. Ya pili bado. Chupa ya mafuta ya taa sasa inaning’inia kwenye boriti ya jikoni, mahali ambapo mimi mwenyewe siifikii bila kupanda kigoda, na kila asubuhi babu huishusha, hudondosha tone moja, huirudisha, kisha hukaa barazani kungoja.