Jinsi na Jinsia: Msamiati wa Kiswahili katika Taaluma za Wanawake na Jinsia Vyuoni

Ikisiri

Taaluma za wanawake na jinsia zimefundishwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miongo mitatu, lakini zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. Makala hii inaeleza namna istilahi za msingi za taaluma hizo zilivyoundwa katika Kiswahili, mahali zinapotatiza, na sababu ya programu hizo kuhitaji ushirikiano wa karibu na wanaisimu na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Programu rasmi ya kwanza ya taaluma za wanawake nchini Marekani ilianzishwa San Diego mwaka 1970. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Idara ya Taaluma za Wanawake mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Uganda kuanza kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili wa vyuo vikuu vya umma. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanataaluma wanawake walikuwa wakifanya utafiti wa pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla chuo hakijawa na kitengo rasmi cha jinsia.

Makerere iliongeza baadaye neno “jinsia” katika jina la idara yake. Badiliko hilo lilikuwa na uzito wa kinadharia. Taaluma za wanawake ziliuliza wanawake wako wapi katika historia, uchumi na fasihi. Taaluma za jinsia zikaongeza swali jingine: jamii humfanyaje mtu kuwa mwanamke au mwanamume, na nani hunufaika na mgawanyo huo? Ili swali hili liulizwe kwa Kiswahili, lazima lugha iwe na maneno mawili, moja la maumbile na jingine la malezi ya jamii.

2.0 Jinsi, Jinsia na Ngeli

Neno “jinsi” lina asili ya Kiarabu, ambako hubeba maana ya aina au namna. Katika Kiswahili cha kila siku maana ya namna ndiyo iliyotawala, kama katika “jinsi ya kupika”. “Jinsia” nalo lina asili hiyohiyo, na kwa muda mrefu lilitumika kwa hali ya kuwa mke au mume kimaumbile. Wanaharakati na wataalamu wa Tanzania wakayagawanya: “jinsi” likapewa maumbile, “jinsia” likapewa majukumu na hadhi vinavyowekwa na jamii.

Mgawanyo huo ni nadhifu katika maandishi, lakini haujakita mizizi katika mazungumzo. Wazungumzaji wengi bado husema “jinsia” kwa maana zote mbili. Zaidi ya hayo, wengi wakisikia “masuala ya jinsia” huelewa “masuala ya wanawake”, hivyo wanaume hujiona hawahusiki. Mhadhiri anayemwambia mwanafunzi kwamba jinsia hujengwa na jamii hana budi kwanza kubomoa maana ambayo mwanafunzi amekuja nayo kutoka nyumbani.

Historia ya sarufi inaeleza sehemu ya ugumu huu. Katika Kiingereza, istilahi ya jinsia ilitumika katika sarufi, kwa kuainisha nomino, kabla ya kuazimwa na sayansi za jamii. Katika Kiswahili kazi hiyo ya sarufi inafanywa na “ngeli”, na ngeli hazitokani na uke wala uume. Kiambishi a- katika “anasoma” hakisemi msomaji ni nani. Istilahi ya kijamii ililazimika basi kutafutwa kwingine, katika neno lililokuwa tayari na kazi nyingine.

3.0 Je, Kiswahili Hakina Ubaguzi?

Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu Wayoruba, alitumia ukosefu wa viwakilishi vya kike na kiume kama sehemu ya hoja kwamba jinsia haikuwa msingi wa mpangilio wa jamii hiyo kabla ya ukoloni. Inavutia kukihamishia Kiswahili hoja hiyo, lakini data inataka tahadhari.

Kwanza, kitenzi “oa” kwa kawaida huwa na kiima cha kiume, na mwanamke “huolewa”. Kusema kwamba mwanamume “ameolewa” ni kumkejeli. Kauli ya kutendwa imebeba hapa hadhi, si sarufi tu. Kauli ya kutendana, “wameoana”, ndiyo inayowaweka wote wawili katika nafasi moja. Pili, anayehimizwa kuvumilia huambiwa “jikaze kiume”, na mkono wa kulia huitwa pia “mkono wa kuume”. Ubaguzi unaweza kukosekana katika viambishi na ukadumu katika vitenzi na semi.

Lugha hiyohiyo imezaa pia zana za kuukosoa ubaguzi. “Mfumo dume” ni mfano bora. “Dume” ni neno la mnyama wa kiume, na kuliweka katika istilahi ya utawala wa wanaume ni kuutia utawala huo dosari kabla hoja haijaanza. Njia hii haikuwa ngeni: “beberu”, yaani mbuzi dume, lilikuwa limekwisha kuzaa “ubeberu”. Msikilizaji asiyesoma nadharia yoyote huipata hukumu iliyomo ndani ya neno.

4.0 Nafasi ya Fasihi na Lugha ya Kufundishia

Fasihi ya Kiswahili inayapa madarasa haya matini ambazo haziwezi kupatikana kwa tafsiri. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, husomwa na baadhi ya wahakiki kama mafunzo ya utii kwa mume. Wengine huona humo sauti ya mama anayemrithisha bintiye maarifa ya kuishi katika jamii isiyompa mamlaka. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inahoji malezi ya ukali yanayomwangamiza binti. Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando, inawaonyesha wanawake wakijaribu kuisimamisha nguzo, na vikwazo vikitoka pia miongoni mwao.

Hapa ndipo penye somo kutoka isimu. Tangu Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, kufundisha kwa Kiswahili kuliwalazimu walimu kuunda istilahi kama “fonimu”, “mofimu” na “kirai”, na wanafunzi wakazizoesha kwa kuzitumia. Istilahi za jinsia hazikupata karakana ya namna hiyo. Nyingi zilikomaa katika warsha na kampeni, ambako haja ni kuhamasisha, si kupambanua.

5.0 Hitimisho

Matokeo yake yanaonekana mwanafunzi anapokwenda kijijini kufanya utafiti. Hojaji yake imefikiriwa kwa Kiingereza, na akina mama anaowahoji wanaishi kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya Kiafrika. Istilahi ikiyumba, jibu nalo huyumba, na kinachoandikwa kuhusu maisha ya akina mama hao huenda kisiwe walichokisema. Programu za jinsia na idara za Kiswahili zikiunda kozi za pamoja, zikijadili istilahi darasani na kuzipima kwa wazungumzaji, taaluma hii itaweza kurudi kwa wale iliyoanzishwa kwa ajili yao, kwa maneno wanayoweza kuyajibu.