Mtazamaji Naye Ana Kazi

Wanangu wa Isiolo, sogeeni karibu. Mchezo wa kuigiza unapoonyeshwa kwa mara ya kwanza, hakosi mtoto wa kusema, "Mimi sina sehemu, naenda kukaa tu." Si kweli. Anayeketi kwenye benchi ana kazi sawa na anayesimama jukwaani. Sikilizeni kisa hiki, nacho kilitokea humu humu nchini mwetu.

Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, palikuwa na kituo ambako watu wazima walijifunza kusoma na kuandika. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa viwandani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakawaandikia mchezo kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani kwao, ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Ni habari za Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, na tajiri anayelimezea mate shamba hilo hadi analipata. Ninyi mnaosikia wazee wakijadili malisho na visima hamhitaji kuelezwa uchungu wa kupoteza ardhi.

Kijiji hakikuwa na ukumbi. Basi wanakijiji wakachukua njiti za kiberiti, wakazipanga chini kuonyesha jukwaa litakaa wapi na waigizaji watavalia wapi. Kisha wakajenga jukwaa lenyewe kwa mikono yao, mahali pa wazi pasipo paa, penye nafasi ya watu kama 2,000.

Mazoezi nayo hayakufanywa kwa siri. Mpita njia aliweza kusimama, akatazama, akatoa maoni. Mwigizaji alipotamka jambo ambalo mzee hawezi kulisema, wazee walimsahihisha palepale, na maneno yakabadilishwa. Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 1977, mchezo ulipofunguliwa rasmi, baadhi ya watazamaji walikuwa wameshaujua kwa moyo. Ulikuwa mchezo wao.

Habari zikaenea. Watu wakakodi mabasi na teksi kutoka mbali kwenda kuutazama. Lakini tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali cha onyesho. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi wakaja kulibomoa jukwaa lenyewe. Kwa nini mchezo uogopwe hivyo? Kwa sababu watazamaji hawakukaa tu. Waliyaona maisha yao pale jukwaani, wakaanza kuulizana maswali.

Sasa turudi kwetu. Kila mwaka shule hushindana katika tamasha za drama, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa, na kila kikundi lazima kiwe na siku yake ya kwanza mbele ya watu. Hebu mfikirieni mwigizaji nyuma ya pazia. Ameshavaa maleba, viganja vinamtoka jasho. Maneno anayajua, ila hajui mtacheka wapi. Mkicheka, itambidi asubiri kabla ya kuendelea. Mkitulia tuli, atajua yamewaingia. Mkipiga gumzo, sauti yake itamezwa na yenu.

Tena mji wetu ni wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine wengi. Mzaha wa Kiborana utawavunja mbavu walioketi upande huu, na wa upande ule wabaki wakitazamana. Mwigizaji makini husikia kicheko kilikotoka na kimya kilikotanda, na kesho yake huurekebisha mzaha huo uwafikie wote. Hayo hayafundishwi mazoezini. Wa kumfundisha ni ninyi.

Kwa hiyo fikeni mapema, zimeni simu, kaeni mpaka mwisho. Kisha wafuateni waigizaji mkawaambie kwa upole ni wapi mliamini na ni wapi hamkuamini. "Mmefanya vizuri" haitoshi, kwani haimwonyeshi mtu pa kurekebisha. Mkiwaambia ukweli, onyesho la pili litakuwa bora kuliko la kwanza, nanyi mtakuwa na sehemu yenu ndani yake.